Kwa maafisa wapya mnaopanda vijijini: mkutano uliokubali kila kitu

Wiki mbili zilizopita nilikaa nyuma kabisa kwenye mkutano wa kijiji, nikimwangalia kijana wetu mpya akiongoza. Ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ana mwaka wa kwanza kazini, na ana bidii ambayo natamani wote muwe nayo. Mwezi wa saba huku milimani baridi haina huruma, koti lake alikuwa amelifunga hadi kidevuni. Akawasalimia wazee "Kamwene", wakaitikia kwa furaha. Akaeleza habari ya kutunza chanzo cha maji kwa nusu saa nzima bila kukosea kitu. Akauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Basi tumekubaliana?" Wanaume wa mabenchi ya mbele wakajibu, "Ndiyooo!" Akamgeukia mtendaji wa kijiji, akamwambia aandike kwenye muhtasari kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Moyo ulinishuka. Kauli moja ya namna hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu, na kuirekebisha kulinichukua miaka mitatu.

Nilimvuta pembeni baada ya mkutano, nikasema naye kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Sasa nawaandikia na ninyi wengine mlioripoti mwaka huu Kilolo, Mufindi, Makete, Rungwe na kwingineko huku Nyanda za Juu Kusini, kabla hamjafikia "ndiyooo" yenu.

La kwanza ni kalenda. Mkutano wa asubuhi mwezi Desemba hauna watu, watu wako shambani wanapanda. Siku ya mnada usiiguse. Kukiwa na msiba ahirisha, kisha nenda msibani ukakae na watu hadi jioni, utasikia mengi ambayo hayatasemwa mbele ya mwenyekiti. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukiitisha mkutano saa tisa alasiri utapata wachangiaji wengi mno, na mtendaji hataweza kuandika hata robo ya yaliyosemwa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria. Wako wenzenu wanaopata akidi kwa kupitisha daftari la mahudhurio nyumba kwa nyumba siku inayofuata. Acheni hiyo tabia. Daftari hilo ndilo mtakaloshika siku mambo yakiharibika, na halitawasaidia kitu.

La pili, posho ya mafunzo itajwe mapema na ilipwe siku hiyohiyo mbele ya wote.

La tatu ni kimya.

Mwaka 2009 nilikuwa mwezeshaji wa jamii katika mradi wa maji ya mserereko, kijiji kimoja cha juu upande wa Kilolo. Hapakuwa na pampu wala dizeli, maji yanashuka yenyewe kutoka bonde la juu hadi kwenye tenki la lita 45,000, kisha kwenye vituo 14 vya kuchotea. Nguvu za wananchi zilikuwa mtaro wa kilomita sita, mawe na mchanga. Mabomba yalikuwa kazi ya mafundi. Kazi yangu ilikuwa watu.

Kwenye bonde la chanzo kulikuwa na vinyungu. Kwa mliotoka mikoa mingine: vinyungu ni bustani za mabondeni ambako udongo unabaki na unyevu, zinalimwa kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Mtu anainua matuta, anapanda mahindi, maharage, mboga, viazi. Hapo ndipo familia inapopata chakula cha miezi ya mwisho kabla ya mvua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60. Nilikuwa nimeikariri. Nikasimama mkutanoni nikaisoma, nikaeleza kwamba bonde lazima lifungwe ili chanzo kipone, nikauliza kama kuna swali. Mwenyekiti akasema sheria ni sheria. Wanaume wakanyoosha mikono. Sheria ndogo ikapita siku hiyo pamoja na faini yake.

Wanawake walikaa upande wao, chini kwenye nyasi, wengine wakinyonyesha. Mbele yao alikuwepo bibi mmoja anasuka kikapu cha milulu. Tangu mkutano uanze vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila yeye kuviangalia, unyasi unaingia, unavutwa, unakazwa. Nilipotamka "mita 60" vidole vikasimama. Akabaki ameshika unyasi mmoja hewani. Niliviona vidole hivyo. Nilijua kwamba kuna kitu. Mimi ni mwanamke, nimekulia kijijini, mama yangu alikuwa na kinyungu chake. Lakini gari lilikuwa linasubiri, taarifa ya robo mwaka ilikuwa inadaiwa, na mkutano ulikuwa unakwenda vizuri. Nikaendelea na ajenda iliyofuata.

Maji yalitoka mwezi Agosti mwaka uliofuata. Ngoma zikapigwa, wageni wakaja, mtoto wa darasa la pili akafungua koki ya kwanza. Kamati ya maji ikapanga shilingi 10 kwa ndoo ili mfuko uweze kununua vipuri. Miezi sita baadaye nikarudi kufuatilia. Kati ya vituo 14, vilivyokuwa na watu ni vitano. Vingine nyasi zilikuwa zimeota hadi kwenye sakafu ya zege. Wanawake walikuwa wanashuka mtoni na ndoo zao kama zamani, wanapita kando ya koki ninazozijua kwa namba.

Mnajua niliandika nini kwenye taarifa? Niliandika kwamba jamii ina mwamko mdogo. Neno hilo naomba mlifute kwenye kompyuta zenu leo. Nikaomba fedha za semina ya umiliki wa mradi, nikapewa, nikawakalisha watu darasani siku mbili kuwafundisha kupenda maji yao wenyewe. Wakanisikiliza kwa adabu zao zote, wakala chakula cha mchana, wakarudi mtoni.

Kiangazi cha pili maji yakakatika kabisa. Fundi akapanda hadi kwenye banio, pale maji yanapoingilia bombani, akakuta bomba limeshindiliwa magunzi ya mahindi. Mtendaji akataka mgambo waingie nyumba kwa nyumba. Nikamwomba siku moja. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikateremka mtoni peke yangu, bila gari wala daftari, nikamkuta yule bibi anajaza ndoo kwa kata. Nikamsalimia, nikamsaidia kujitwika, nikapanda naye kilima. Katikati ya njia akatua ndoo, akapumua, akaniambia, "Mwanangu, mlitutoa kinyungu. Hiyo hela ya ndoo mlitaka itoke wapi?"

Akanihesabia. Kila kiangazi alikuwa anauza mafungu ya mboga na mahindi mabichi barabarani. Hela hiyo ilinunua chumvi, sabuni, madaftari ya wajukuu, na ikabaki kidogo. Yeye ni mjane, lakini hata wenye waume hali ilikuwa ileile: mahindi ya mlimani yakiuzwa hela inashikwa na baba, hela ya kinyungu inashikwa na mama. Mama ndiye anayechota maji. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeufunga mfuko pekee ambao mradi wangu ungelipwa kutoka humo, kisha nikashangaa kwa nini hakuna anayelipa. Akamalizia, "Wale waliosema ndiyo hawachoti maji na kinyungu hawalimi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Mlikuja na karatasi imeshaandikwa."

Jibu hilo nimelitafakari miaka mingi, na nimeelewa kwamba alikuwa anazungumza pia kwa niaba ya waliomtangulia. Someni historia ya mkoa wenu kabla ya kusoma andiko la mradi. Siku ya Krismasi mwaka 1971, pale Isimani, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima, Saidi Mwamwindi, katika mzozo wa shamba wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi waliyoyajua. Mzee wa huku aliyekuwa na akili timamu miaka hiyo anajua kwamba mtu akitoka mjini na karatasi inayotaja ardhi, la busara ni kukaa kimya kwanza. Halafu sisi tunakuja, tunauliza "kuna swali?", na kimya chake tunakiandika kuwa ni ridhaa.

Turudi bondeni, maana sijamaliza. Nilipoomba radhi kwa akina mama, tukachukua kamba ya mita 60 tukaenda kupima nao. Kulikuwa na vinyungu 23. Vilivyokuwa ndani ya mita 60 ni tisa. Tisa tu. Vile 14 vingine vilikuwa nje ya mpaka wa sheria, na vilikaa bila kulimwa viangazi viwili kwa sababu mimi sikupima. Nilitaja mita 60 mbele ya kijiji kizima na sikuwahi kuziweka ardhini. Mama mmoja mwenye kinyungu mita 90 kutoka kwenye jicho la maji alishika mwisho wa kamba, akaniangalia, hakusema neno. Hadi leo nikipita na kamba mkononi ninakumbuka macho yake.

Wenye vinyungu tisa halmashauri ya kijiji iliwapa maeneo chini ya tenki, kwenye ardhi ya kijiji. Tenki likijaa usiku lilikuwa linamwaga maji bure, hivyo tukayaelekeza kwenye mfereji hadi bustanini kwao. Malipo ya ndoo yakafutwa, kila kaya ikawa inalipa kwa msimu, mboga zikishauzwa. Kamati ikavunjwa ikachaguliwa upya, na uchaguzi tukaufanya kwanza kila kitongoji peke yake, wanawake wakikaa peke yao kabla ya kukutana na wengine. Fedha zikawekwa kwenye sanduku la kufuli tatu kama la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, funguo kwa watu watatu wa vitongoji tofauti. Habari ya magunzi hatukumuuliza mtu. Hayakuonekana tena.

La nne limetoka humohumo: pimeni. Mita, kilomita, idadi ya kaya, nenda kwa miguu uhesabu mwenyewe, usinakili kwenye taarifa ya mwaka jana.

La tano, miti. Usipande milingoti (mikaratusi) kwenye chanzo hata kama miche ni ya bure, inanyonya maji. Uliza wazee mivengi, miti yetu ya asili ya kwenye maji, ilikuwa wapi, irudishe hapo. Na hakikisha miche hiyo ina mtu wa kuipalilia mwaka wa kwanza, la sivyo umepanda picha za kutumwa kwenye kundi la WhatsApp.

La sita, vikundi vya mikopo. Mnajua shinikizo la asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023 kwa matatizo tunayoyajua sote, ikarudi mwaka 2024, na tayari naona vikundi vinavyozaliwa wiki ya kujaza fomu. Kikundi ambacho hakijawahi kuweka hisa zake chenyewe na kukopeshana hata shilingi elfu ishirini, usikipitishe, hata diwani akupigie simu mara tatu. Atakasirika, halafu atapoa. Deni bovu halipoi.

La saba ni la ninyi mnaofanya kazi na vyombo vya watumia maji. Tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianze mwaka 2019 mna mafundi na wahasibu ambao sisi hatukuwa nao, na nafurahi kwa hilo kwa dhati. Lakini mhasibu anaandika kilicholipwa. Kwa nini mama fulani hajalipa, hilo bado ni lako wewe afisa maendeleo, na jibu liko kwenye njia ya mtoni saa kumi na mbili asubuhi.

Kijana wetu nilimuuliza swali moja tu baada ya kumgombeza: katika bonde lile ulilolizungumzia, nani analima? Akafungua daftari, akapekua kurasa, akafunga. Akasema, "Mama, sijui." Nilimpenda kwa jibu hilo. Mtendaji alikuwa bado hajagonga muhuri, kwa hiyo muhtasari ukarudishwa kuwa rasimu.

Jumatatu amenipigia simu kutoka bondeni, upepo unavuma kwenye kipaza sauti sikusikia vizuri. Anasema amehesabu vinyungu 31, vyote isipokuwa viwili ni vya akina mama, na wamemwambia arudi Jumapili baada ya ibada kwa sababu siku hiyo wote wanakuwepo. Ameniomba nimtafutie kamba ndefu.