Eti huku ni kubonyeza vitufe

Ndugu zangu wa Mwanga na Gungu, Kigoma, maneno yenu yamefika. Kwamba mtu akipata kazi ya mashine kwenye kiwanda cha mabomba Omani basi anakaa kwenye kiyoyozi, anabonyeza vitufe, mwisho wa mwezi anahesabu riali. Kiyoyozi kipo kweli. Kinapuliza kabati la umeme la mashine, siyo mtu.

Mwendeshaji anasimama kati ya dai ya nyuzi 200, yaani tundu la chuma linalolipa bomba umbo, na tangi la maji la kulipoza. Sheria inakataza kazi za juani saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Juni mpaka Agosti, lakini hiyo ni ya walio nje. Ndani ya banda shifti inaendelea. Aliyewahi kukoroga pipa la mawese anajua joto la namna hiyo, ila mawese huipuliwa.

Kuwasha ni kazi peke yake. Bareli, mtungi wa chuma wa kuyeyushia plastiki, inapashwa moto kwa saa mbili au tatu kabla skrubu ya ndani inayoisukuma haijazungushwa. Ukiwa na haraka, plastiki ya ndani bado ngumu na skrubu inaweza kukatika. Uji wa plastiki ukianza kutoka unaushika kwa glavu, unaupitisha kwenye kalibreta, pete ya kuweka kipimo cha nje, unaufunga kwenye bomba kuukuu ambalo mashine ya kuvuta imeshalishika. Hapo ndipo watu wanaungua. Plastiki ya moto ikikunasa usiibandue, itatoka na ngozi. Mwagia maji baridi mpaka ipoe, kisha nenda kwa daktari.

Lakini moto watu wanauzoea. Kisichozoeleka ni nusu milimita. Bomba la polithini la milimita 110, SDR 11 (yaani kipenyo ni mara 11 ya unene wa ukuta), ukuta wake haushuki chini ya milimita 10, na mita moja ina kilo 3 hivi. Ukijihami ukauacha 10.5, unagawa bure gramu 130 na ushee kila mita. Kwa mwendo wa mita moja kwa dakika, shifti ya saa 12 imemeza karibu kilo 100, mifuko minne ya kilo 25. Ukiangukia 9.9, yote skrepa, haiuziki.

Ukuta ukiwa mnene upande mmoja, legeza kwanza boliti ya dai ya upande mwembamba, ndipo ukaze ya upande mnene, kidogo sana. Halafu subiri. Laini, yaani safu nzima ya mashine, ikiwa na urefu wa mita 30, ulichokirekebisha utakipima kwenye msumeno wa mwisho baada ya nusu saa, na mita 30 mbovu zishapita. Asiye na subira anakaza tena, na mambo yanageuka upande wa pili. Vipovu ndani ya bomba ni unyevu kwenye malighafi. Bomba likiwa na umbo la yai, tazama raba za tangi la vakyumu, lile la kunyonya hewa, kabla hujagusa kitu kingine.

PVC, plastiki ile nyingine ya mabomba, ndiyo mkorofi. Haiachwi ndani ya bareli ya moto: inaungua, inatoa gesi ya asidi inayochoma macho na kutia kutu vyuma. Umeme ukikatika, dai inafunguliwa upesi na kukwanguliwa kwa shaba, maana chuma kitaikwaruza.

Na mwisho wa shifti skrepa inawekwa kwenye mizani, mtu mwenye wajukuu Ujiji anafokewa na kijana wa umri wa mwanawe. Hilo hamlioni kwenye picha za WhatsApp.

Kwa hiyo msije. Au njooni, siwezi kuwaambia mshahara ni sawa na wa huko, si sawa. Ila pitia VETA, chuo cha ufundi, hapo hapo Kigoma kwanza, shika umeme au ufundi mitambo, ujue kusoma vania, kile kipimo cha unene, bila kukisia. Kwenye mkataba uliza mshahara wa msingi, siyo jumla, kwa kuwa ovataimu inapigwa juu ya huo msingi: nyongeza ya asilimia 25 mchana, 50 usiku. Tangu 2021 mkataba ukiisha unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Usikubali kutishwa kwa hilo.

Na mnaopiga mara kumi usiku kwa ajili ya bati na ada: asiyepokea hajawadharau. Amegusa boliti, anasubiri mita 30.