Jibu: Taa ya njano haizimi baada ya kubadilisha kioo cha mbele

Habari mkuu. Umesema tangu ubadilishe kioo cha mbele, taa ya njano ya breki ya dharura (ile inayojifunga yenyewe, siyo handbreki) haizimi, onyo la gari kuhama mstari wa barabara limekata, na fundi anataka ununue mpya ile kamera ya kwenye kioo inayotazama barabara. Usitoe hela ya kamera kwanza.

Mimi yalinikuta hayo hayo kwenye gari la mtumba kutoka Japani. Simama mbele ya gari, tazama nyuma ya kile kioo kidogo cha katikati cha kuangalia nyuma, pale lenzi ya kamera ilipo. Kwangu nilikuta gundi nyeusi imeganda pembeni, tena na alama ya kidole, na tinti ya juu imeshuka hadi kwenye lenzi. Tukasafisha, tukabandua tinti. Taa ikabaki palepale.

Kilichoizima ni kalibresheni, yaani kuilenga na kuipima kamera upya. Kamera ikitolewa na kurudishwa, ikiinama hata kidogo tu, vipimo vyake vya barabara vinapotea. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaweka ubao maalumu mbele ya gari, kwenye sakafu iliyonyooka. Magari mengine yanataka uendeshe kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Kabla ya kwenda, jaza upepo sawasawa na utoe mizigo kwenye buti, maana gari likilala nyuma kamera inatazama juu.

Kwa kawaida hitilafu ya kamera haizuii breki ya mguu kufanya kazi, ila tafadhali acha nafasi ya kutosha na gari la mbele. Fundi akisoma namba ya hitilafu (code) kwenye mashine yake, iandike hapa tuitazame.