Gia zinakwaruza? Cheki pedali kabla hujalipasua trekta

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa Kiteto, nina Massey Ferguson 135 nililonunua kwa mtu, la zamani ila injini yake bado nzima. Tatizo ni gia. Asubuhi nikiwasha, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikitaka kuingiza rivasi linakwaruza kama mtu anasaga mawe, na namba moja hivyo hivyo, lakini nikizima injini gia zote zinaingia laini kabisa. Na hata likishaingia gia mguu ukiwa bado uko chini linataka kujivuta lenyewe. Fundi wa hapa anasema meno ya gia yamekwisha na klachi pleti imekwisha, eti tulipasue, yaani tulitenganishe katikati, tununue vyote, na mvua ndo hizo zinakaribia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Usilipasue kwanza. Maneno yako mawili yameshajibu nusu ya swali. Umesema injini ikizimwa gia zinaingia laini, na umesema linajivuta ukiwa umekanyaga, sasa hapo ugonjwa ni klachi haiachii. Shafti ya gia boksi inaendelea kuzungushwa na injini wakati ilitakiwa isimame, we unalazimisha gia inayozunguka iumane na gia iliyosimama, lazima zilie. Na pleti iliyokwisha, ile sahani ya klachi inayobanwa na injini, dalili yake ni nyingine kabisa, ikikwisha inateleza, injini inanguruma na trekta haliendi, haikwaruzi gia. Kwa hiyo hiyo bei ya pleti mpya isubiri kwanza.

Jua pia kwamba hizi 135, zilizoanza kutoka Uingereza 1964, gia zake hazina kile kitu cha kulinganisha spidi kama kwenye gari la kisasa. Zinataka trekta lisimame, silensa (mzunguko wa injini bila kuongeza mafuta) iwe chini, ukanyage, usubiri, ndo uingize. Madereva wengi waliojifunzia gari ndogo wanachomeka gia trekta bado linatembea na hapo hata klachi iwe mpya toka dukani utasikia kelele. Basi jaribu hivi: trekta limesimama sehemu tambarare, silensa ya chini, nyutro, kanyaga mpaka mwisho, hesabu taratibu mpaka kumi, halafu ingiza rivasi. Ikiingia kimya basi klachi inaachia na ulikuwa na haraka tu. Ikikwaruza hata baada ya kumi, klachi inashika, endelea na mimi.

Zima injini, weka mawe kwenye matairi, halafu usikanyage kwa mguu, sukuma pedali kwa mkono. Kuna sehemu ya mwanzo inashuka bure bila uzito, hiyo ndo tunaita plei, halafu unasikia imegota ikaanza kuwa nzito. Weka rula pembeni upime hiyo ya bure pale juu mguu unapokaa. Kwa matrekta mengi ya zamani inatakiwa karibu inchi moja, kama una kitabu cha trekta lako fuata namba ya kitabu. Sasa wewe kwa dalili zako nategemea ukute inchi mbili tatu, yaani mguu unamaliza safari kwenye hewa, klachi yenyewe inapata kipande kidogo cha mwisho ambacho hakitoshi kuachia.

Na hapa watu ndo wanapochanganya. Pleti ikilika plei inapungua, haiongezeki. Ukikuta plei imekuwa kubwa ujue kilicholika kiko njiani kati ya mguu na klachi, pini, tundu la pini limekuwa yai, bush ya shafti ya pedali, au nati ya kurekebishia imejilegeza kwa mtikisiko. Mtu akae chini ya trekta aangalie huku mwingine anasukuma pedali, utaona kabisa kipi kinatembea na kipi kinachelewa. Badilisha pini na bush kwanza, maana ukirekebisha juu ya pini iliyolika utarudi kurekebisha kila wiki.

Kurekebisha kwenyewe si kazi kubwa. Kuna matrekta yana fimbo inayounganisha pedali na klachi, yenye uma mwishoni, unalegeza nati ya kufungia, unachomoa pini, unazungusha uma raundi moja, unarudisha, unapima. Mengine yana bolti inayokaa kwenye tundu refu, unalegeza, unasogeza, unakaza. Nenda kidogo kidogo na upime kila mara, halafu rudia lile jaribio la kuhesabu kumi. Angalia pia kama lako ni la klachi mbili, mengi ya 135 yanayo. Ukikanyaga nusu trekta linasimama lakini PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine) na haidroliki (mikono ya kunyanyulia) vinaendelea, ukishuka mpaka chini navyo vinasimama. Katikati mguu unasikia uzito umebadilika. Kama lako liko hivyo, mwendo wa trekta unatakiwa ukatike ukifika hapo uzito unapobadilika, na PTO ina marekebisho yake ndani, hayo usiyaguse bila mtu anayeyajua.

Ikiwa plei umeiweka sawa na bado linashika, uliza lilikaa muda gani kabla hujalinunua. Trekta likikaa msimu mzima nje kwenye mvua pleti inaganda na kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Hapo ingiza gia ya juu injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi mpaka chini uishikilie, trekta lingine likuvute taratibu sehemu ya wazi, mara nyingi inaachia ghafla kwa hiyo dereva awe tayari na breki. Na likiachia, siku nyingine ukilipaki muda mrefu kata kipande cha mbao kizuie pedali ikae chini.

Hilo nalo likishindikana ndo mpasue, na hapo mkague ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili maana ikishika inazungusha shafti hata klachi ikiachia, mkague kama pleti imepinda, na vidole vya presha pleti (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili) vyote viwe usawa mmoja. Kabla ya kutenganisha pigilieni kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na mwili wa injini pande zote mbili. Ekseli ya mbele inacheza kwenye pini ya katikati, injini ikibaki peke yake bila kabari inalala upande na inaua mtu. Vumbi la pleti za zamani msipulize kwa kompresa, lina asbesto, futeni kwa kitambaa kibichi.

Nakuambia haya kwa uchungu maana trekta la nyumbani kwetu lilishapasuliwa wiki ya kwanza ya mvua kwa ushauri huo huo. Pleti iliyotoka ilikuwa nene ya kutosha, pini ya fimbo ndo ilikuwa imelika nusu. Mahindi tulipanda tumechelewa na yakakosa mvua ya mwisho.

SWALI: Habari fundi, niko Kitale, natumia Ford 5000. Gia zilikuwa zinalia nikakaza ile fimbo mpaka pedali ikawa haina nafasi kabisa, gia sasa ni tamu ila nikipanda mlima na tela la mahindi injini inapiga kelele mwendo haupo na kuna harufu ya kuungua.

JIBU: Umekaza kupita kiasi dada ama kaka yangu, na tafadhali usilifanyishe kazi tena leo. Plei ikiwa sifuri rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya klachi ukikanyaga, inakuwa imeviegemea muda wote, ni kama mtu amekanyaga kidogo bila kutoa mguu, presha haibani, pleti inateleza na kuungua. Legeza urudishe plei, acha ipoe, halafu jaribu mlima huo huo ukiwa huna mzigo. Ikiwa bado inateleza na plei ipo basi pleti imeshaungua au ina oili, na ya oili usikubali kuwekewa mpya kabla sili inayovuja haijabadilishwa, utaungua mara mbili. Na dereva wako mwambie mguu ukimaliza kazi ushuke kwenye ubao, usipumzikie juu ya pedali.

SWALI: Fundi, langu halikwaruzi ila kila nikikanyaga klachi kuna mlio wa fyuuu, nikiachia unaisha.

JIBU: Hiyo ni rilizi beringi. Ingekuwa mlio upo ukiwa umeachia kwenye nyutro na unaisha ukikanyaga, ningekuambia beringi ya mbele ya gia boksi. Hiyo rilizi beringi yako inaweza kwenda muda kidogo lakini usisubiri ivunjike shambani. Ukinunua mpya usiioshe kwa petroli wala dizeli kama wengi wanavyofanya, grisi yake imefungiwa ndani toka kiwandani na ukiiosha unaitoa.