Kuchagua sampla ya kujengea ala: ushauri kwa anayeanza

Karibu kila anayeingia katika kazi ya kujenga ala za kidijitali huanza kwa kuuliza kuhusu sampla, yaani programu inayocheza sauti zilizorekodiwa kila kitufe kinapobonyezwa: achukue Kontakt, Falcon, HALion, au mojawapo ya zile za bure? Mimi pia nilianza hivyo. Baada ya miaka kadhaa ya kurekodi na kujenga, ninaamini swali hilo linastahili kuwa la tatu. La kwanza ni kujua ala yenyewe inadai nini, na la pili ni kumjua atakayeipiga na kompyuta aliyonayo. Ukishayajibu hayo mawili kwa ukweli, orodha ya programu hupungua yenyewe hadi mbili au tatu.

Nitaeleza kwa kutumia kanuni, ala ya nyuzi ambayo wapenzi wa taarab hawahitaji kuelezwa, na ambayo ilinifundisha zaidi kuliko nyingine zote. Kanuni niliyoirekodi ilikuwa na nyuzi 78, tatutatu kwa kila noti, yaani noti 26. Ukirekodi kila noti mara moja tu, utapata kitu kinachofanana na kanuni kwa sekunde tano za kwanza, kisha sikio litagundua kwamba pigo ni lile lile likirudiwa, na uhai wote utatoweka. Kwa hiyo kila noti hurekodiwa kwa ngazi kadhaa za nguvu, kuanzia pigo la upole hadi la nguvu, na katika kila ngazi hurekodiwa mapigo kadhaa yatakayopokezana wakati wa kupiga. Jambo la kwanza la kuiuliza sampla yoyote ni kama inaweza kupokezanisha mapigo hayo, na kama inaweza kucheza sauti fupi ya uzi unapozimwa kwa kiganja baada ya kidole kuachia kitufe. Sampla nyingi za leo zinaweza, lakini baadhi ya zile rahisi zilizomo ndani ya programu za kutengenezea muziki haziwezi.

Hesabu ya ukubwa ifanye kabla hujagusa maikrofoni. Noti 26, ngazi tatu za nguvu na mapigo manne ya kupokezana ni sampuli (vipande vya sauti iliyorekodiwa) 312. Kila moja ikidumu sekunde sita, una sekunde 1,872 za sauti. Sauti ya stirio ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula baiti 288,000 kila sekunde, kwa hiyo jumla ni takriban megabaiti 539, na ukiongeza maikrofoni za mbali ili mpigaji achague, unavuka gigabaiti moja. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti nne haitafurahia kubeba mzigo huo wote pamoja na wimbo mzima. Ndiyo maana uwezo wa kusoma sampuli moja kwa moja kutoka kwenye diski una maana kubwa. Kontakt, kwa mfano, kwa kawaida hupakia mwanzo tu wa kila sampuli, kilobaiti 60, na kusoma sehemu inayobaki wakati noti inalia. Kwa kanuni yetu hiyo ni takriban megabaiti 19 za RAM badala ya 539.

Suala la kuwianisha noti ndilo linalopuuzwa zaidi, na kwa anayejenga ala za kwetu ndilo ningeliweka mbele ya yote. Katika maqam (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia do, noti ya mi haikai kwenye kitufe cha mi cha kinanda wala kwenye kitufe cheusi kilicho chini yake. Inakaa kati yao. Mpigaji wa kanuni huifikia kwa kuinua au kushusha vijiti vidogo vilivyo mwanzoni mwa nyuzi. Basi sampla yako lazima iruhusu noti moja ishushwe kwa takriban senti 50 (senti 100 ni umbali wa kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata) bila kuzigusa nyingine, na iruhusu mpigaji abadilishe hali hiyo katikati ya wimbo kwa kubonyeza kitufe maalumu. Kuishusha noti moja ni rahisi karibu kila mahali; kuibadilisha wakati muziki unaendelea kwa kawaida hudai skripti, yaani maagizo mafupi ya msimbo ndani ya sampla. Ilimba ya Wagogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo inadai vivyo hivyo, kwa kuwa noti zake hufuata mfululizo wa sauti asilia za uzi au bomba, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda kwa takriban senti 31. Nimesikia ilimba za kidijitali zilizosawazishwa zikubaliane na piano, na kwa maoni yangu kazi hiyo ni bora isingefanywa.

Sasa mpigaji. Kama unajenga kwa ajili ya maprodyuza wa nyumbani, wengi utawakuta na kompyuta ndogo ya Windows na programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio, bila bajeti ya sampla ya kulipia. Kontakt, ya kampuni ya Native Instruments ya Berlin, ina toleo la bure la kupigia tu, lakini ala ambayo mtengenezaji wake hajaisajili kwa malipo hufanya kazi humo kwa dakika 15 kisha hunyamaza. Hilo si kasoro ya kuilaumu, ni utaratibu wao wa leseni. Ila ulijue mapema, kwa sababu maana yake ni kwamba ala yako ndogo itawafaa wenye toleo kamili tu. Ikiwa soko lako ni watunzi wa muziki wa filamu, wengi wao wanalo toleo hilo, na lugha yake ya skripti ni miongoni mwa zilizokomaa zaidi.

Kwa anayeanza bila fedha, napendekeza Decent Sampler. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux na hata iPad, na ala yake huandikwa katika faili la maandishi ambalo unaweza kulifungua na kulisoma. Muundo wa SFZ nao ni maandishi matupu, na programu kama sforzando na sfizz huusoma bila malipo. Ukifika hatua ya kutaka ala yako iwe programu kamili yenye jina lako, isiyohitaji sampla ya mtu mwingine, kuna HISE, ambayo ni ya chanzo huria. Lakini soma leseni yake kwa makini, kwa kuwa ukitaka kuuza bila kuweka wazi msimbo wako, unapaswa kulipia leseni ya kibiashara. Falcon ya UVI ninaiheshimu kwa jambo moja hasa: inaweka sintesaiza na sampuli ndani ya ala moja, hivyo pigo halisi la uzi linaweza kufuatwa na mtetemo uliotengenezwa na kompyuta.

Ala yangu ya kwanza niliijenga yote ndani ya programu moja ya kulipia. Uwianishaji wa noti, mahali pa kukatia mwanzo wa kila pigo na viwango vya sauti nilivipanga kwa kipanya, vikahifadhiwa katika faili ambalo programu nyingine niliyokuwa nayo haikuweza kulisoma. Sampuli zenyewe nilizipa majina ya "pigo 1", "pigo 2", hadi mia tatu na kitu. Nilipotaka kuihamisha, nilikaa wiki tatu nikisikiliza moja baada ya nyingine ili nijue ni noti gani. Na kuhama hakuepukiki. Sampla iitwayo GigaSampler ilitoka mwaka 1998 na kuleta usomaji wa sampuli kutoka diski, ikawa tegemeo la studio kubwa, na kufikia mwaka 2008 mrithi wake GigaStudio alikuwa amesitishwa. Waliokuwa na rekodi zao safi, zilizopangwa, walijenga upya kwingine.

Siku hizi sampuli yangu huitwa kanuni_064_n2_r3.wav: namba ya noti katika MIDI (lugha ya pamoja ya ala za kidijitali), ngazi ya nguvu, kisha rudio. Uwianishaji na viwango huandikwa katika jedwali nje ya sampla, na mwanzo wa kila pigo hukatwa kwenye nakala ya faili lenyewe, si kwenye rekodi ya asili.

Kabla ya kununua chochote, rekodi noti tatu tu, ngazi mbili, mapigo matatu kila moja. Faili hizo 18 zijenge katika Decent Sampler, kisha katika SFZ, kisha katika toleo la majaribio la programu ya kulipia unayoitamani. Mpe mpigaji halisi wa ala hiyo apige zote tatu bila kumwambia ipi ni ipi, na uandike kila anachokilalamikia.