Usiiuze trekta ya umeme kwa sababu ya barafu

Mkuu, umeuliza kama uiuze trekta yako ya umeme ununue ya petroli, kwa kuwa inateleza kwenye barafu na betri inaisha kabla hujamaliza kusukuma theluji kwenye njia ya gari hapo nyumbani. Nakuomba usiiuze kwanza. Niko Syracuse, New York, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa. Ziwa Ontario linatumwagia karibu mita 3 za theluji kwa mwaka, na yote ya uwanjani kwangu nimeisafisha kwa Elec-Trak, trekta ndogo ya bustani ya volti 36 ambayo General Electric waliitengeneza miaka ya mwanzo ya 1970.

Tuanze na betri. Yangu ina sita za asidi, za volti 6 kila moja. Baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, unabaki na kama nusu tu ya nguvu uliyozoea wakati wa kukata nyasi. Kwa hiyo trekta inalala gereji, na chaja naiacha mpaka dakika ya kutoka. Ukimaliza kazi, chaji siku hiyo hiyo. Betri ya asidi iliyojaa haigandi kwa baridi hii, lakini iliyoishiwa huganda ikapasuka kasha. Mimi zimenipasukia mbili, na iliniuma sana. Kama yako ni ya lithiamu, usiichaji ikiwa chini ya sifuri, iache ipate joto kwanza.

Kuteleza kunatokana na matairi ya nyasi. Funga cheni magurudumu ya nyuma, halafu ondoka taratibu. Mota ya umeme hutoa nguvu zake tangu gurudumu limesimama, hivyo ukikanyaga kwa pupa linazunguka palepale na kuing'arisha barafu.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: barafu ikishashikana na lami, hakuna trekta ya kuibandua, iwe ya petroli au ya umeme. Iwahi ikiwa bado theluji. Zikishuka sentimita 10 natoka nasukuma, zikishuka nyingine natoka tena, kabla gari halijaikanyaga. Hapo ndipo naipendea trekta hii. Saa kumi alfajiri nageuza swichi tu, watoto wa jirani wanaendelea kulala, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine betri inarudi kwenye chaja.

Lile tuta la theluji ambalo gari la mji la kusafisha barabara linakuachia mlangoni usilivamie katikati. Limega kutokea pembeni, kipande kwa kipande, na mabonge magumu yatoe kwa koleo.

Chumvi ya kawaida ya kuyeyushia barafu, baridi ikishapita nyuzi 9 chini ya sifuri, haisaidii sana. Tumia kalsiamu kloridi, au mwaga mchanga upate pa kukanyagia. Na ufute vichwa vya betri kila ukirudi ndani, maji ya chumvi yanavila.

Tuambie betri zako ni za aina gani na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikutajie cheni ya kutafuta.