Maswali ya Wasomaji: Jina Rebmann lilitoka wapi, na wanaolitumia leo ni wangapi?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwongozaji wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, na ninaishi Marangu. Tunapopanda kutoka kambi ya Barafu kuelekea Stella Point, huwa ninawaonyesha wageni mabaki ya barafu mbili tunazopita katikati yake, yaani ya Ratzel na ya Rebmann, na ninawaeleza kwamba Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima huu mwaka 1848. Mgeni mmoja kutoka Hamburg aliniambia kwamba tangu azaliwe hajakutana na mtu mwenye jina hilo, ilhali akina Meyer, kama yule Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, wamejaa kila mahali kwao. Naomba nielezwe asili ya jina hilo, sababu ya kuwa adimu, idadi ya wanaolitumia leo, na kama miongoni mwao wamo wajukuu wa mmisionari huyo. Pia naomba kujua namna ya kulitamka, maana wageni hunisahihisha kila mmoja kwa namna yake.

Msomaji wenu, Marangu, Kilimanjaro

JIBU

Ndugu msomaji, mgeni wako alisema kweli, ila alisema kama mtu wa Hamburg. Mji huo uko kaskazini ya mbali ya Ujerumani, katika nchi ya baridi na upepo wa bahari ambako mizabibu haikuwahi kuwa kilimo cha maana, na jina Rebmann ni jina la watu wa mizabibu. Lau mgeni huyo angekuwa mwenyeji wa Freiburg, au wa vijiji vilivyo kati ya Stuttgart na mto Rhine, huenda angekuambia kwamba alisoma darasa moja na mtoto wa akina Rebmann.

Kwa asili ni jina la kazi. Sehemu yake ya kwanza, Rebe, ni mzabibu, na hasa ule mti wenyewe na chipukizi zake. Sehemu ya pili, Mann, ni mtu. Katika Kijerumani cha zama za kati neno rebman lilikuwa neno la kawaida kabisa la kumtaja mkulima wa mizabibu, hata kabla halijawa jina la ukoo wowote. Kazi yake ilimshughulisha mwaka mzima. Wakati wa baridi kali, miti ikiwa imepukutisha majani yote, alipita mstari kwa mstari akikata matawi ya mwaka uliopita na kubakiza machache yatakayozaa. Majira ya kuchipua yalipofika aliyapinda matawi hayo na kuyafunga kwenye nguzo za miti, kisha akalima na kupalilia kwa jembe la mkono kwenye miteremko mikali isiyopitika kwa plau, hadi mavuno ya Septemba na Oktoba. Alama ya kazi hiyo ilikuwa kisu kifupi chenye ubapa uliopinda kama mundu mdogo, na hadi leo, katika vijiji vya mvinyo vya kusini-magharibi, mtu anaweza kuona mchoro wa kisu hicho kwenye nembo za vijiji na kwenye mawe ya milango ya nyumba za zamani. Katika miji ya eneo hilo wakulima hao waliungana katika vyama vya kazi vyenye nguvu. Kule Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani, chama chao kiliitwa cha Rebleute, ambalo ni neno lile lile katika wingi, na chama hicho kipo hata sasa.

Namna kazi hiyo ilivyogeuka kuwa jina la ukoo ni habari inayohusu Ujerumani yote. Kabla ya karne ya 12 watu wengi walikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, hasa ile ya bonde la Rhine na ya kusini, na kina Johannes na kina Heinrich wakawa wengi katika mtaa mmoja, makarani wa kodi na wa mahakama walilazimika kuongeza neno la kumtofautisha kila mmoja: kazi yake, kijiji alichotoka, jina la baba yake, au sura na tabia yake. Mwanzoni neno hilo lilikuwa la mtu mwenyewe na alikufa nalo. Polepole, katika karne zilizofuata, lilianza kurithiwa na watoto hata kama hawakufanya kazi ya baba yao. Kuanzia karne ya 16 daftari za makanisa za ubatizo, ndoa na mazishi zilizidi kuyaimarisha majina hayo, na tarehe 1 Januari 1876, Dola ya Ujerumani ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo katika ofisi za serikali nchini kote, tahajia iliyokuwapo siku hiyo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyobaki.

Sasa tuje kwenye uadimu, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha barua yako. Jina la kazi huwa na maana pale tu linapomtenga mtu na jirani zake. Katika kijiji cha mizabibu karibu kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha shamba mlimani, kwa hiyo kumwita mtu mkulima wa mizabibu hakukumtambulisha kwa yeyote. Ni sawa na kumwita mtu Mvuvi katika kijiji cha pwani ambako kila nyumba ina ngalawa. Jina hilo lilishika pale ambapo mwenye kazi hiyo alikuwa mmoja miongoni mwa watu wa kazi nyingine, kwa mfano mjini, au kwenye mpaka wa eneo la mizabibu, au pale alipokuwa mtu aliyekabidhiwa kulitunza shamba la monasteri au la bwana fulani. Tazama upande wa pili akina Müller, yaani wasaga nafaka. Kinu kilikuwapo karibu kila mahali palipolimwa ngano, na kwenye kinu alikuwapo msagaji mmoja anayejulikana na wote, kwa hiyo jina hilo lilizaliwa upya maelfu ya mara kutoka Alps hadi bahari ya kaskazini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mhunzi, ambaye ni Schmidt, na kwa yule Meyer wako, ambaye asili yake ni msimamizi wa shamba kubwa la bwana au la kanisa. Majina yake yote yakijumlishwa pamoja, yaani Meyer, Meier, Maier, Mayer na mengine ya namna hiyo, yanashindana na Müller kwa wingi.

Kuna sababu ya pili. Hata wale wachache waliopewa jina kutokana na mizabibu hawakupewa jina moja. Mkulima wa mizabibu aliitwa Weingärtner katika sehemu kubwa ya Württemberg, yaani nchi ya pande za Stuttgart, Häcker kule Franken, Weinzierl katika Bavaria, na kwingineko Winzer au Weinmann. Rebmann lilikuwa neno la pande za Kialemani, yaani Baden, Alsace, kaskazini mwa Uswisi na sehemu za Württemberg. Kwa hiyo kazi moja iligawanywa katika majina mengi, na kila moja likapata fungu dogo.

Halafu vikaja Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648. Württemberg ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake kwa mapigano, njaa na tauni, na mashamba mengi ya mizabibu yakageuka vichaka ambavyo havikurudishwa tena. Ukoo mkubwa uliotawanyika katika wilaya kumi ulipona kwa upande mmoja au mwingine. Ukoo wa nyumba tatu katika kijiji kimoja ungeweza kufutika katika msimu mmoja wa tauni.

Naomba nitahadharishe jambo moja kabla ya kufika kwenye hesabu. Kwa kuwa ni jina la kazi, lilianza mahali pengi bila sehemu moja kuijua nyingine, kwa hiyo watu wawili wenye jina Rebmann si lazima wawe ndugu. Tena si kila jina linaloanza na Reb linahusu mizabibu: Rebhan, kwa mfano, linatokana na ndege kwale.

Kuhusu idadi, serikali ya Ujerumani haina utaratibu wa kutangaza ni wangapi wana jina gani, kwa hiyo wataalamu wa majina hutumia orodha za simu za mezani. Kazi kubwa zaidi ya aina hiyo, ile atlasi ya majina ya koo iliyosimamiwa na Konrad Kunze wa Freiburg na Damaris Nübling wa Mainz, ilijengwa juu ya orodha ya mwaka 2005 yenye simu za nyumbani takriban milioni 28. Mwaka huo ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu familia nyingi bado zilikuwa na simu ya mezani. Leo vijana wengi wana simu za mkononi tu, na orodha mpya zinawaacha nje. Kwa kuwa Wajerumani walikuwa kama milioni 82, kila simu moja inahesabiwa kuwakilisha watu karibu watatu. Orodha hiyo ilikuwa na majina ya koo tofauti yapatayo 850,000, wingi ambao huwashangaza hata Wajerumani wenyewe, na sehemu kubwa ya majina hayo ni ya watu wachache sana.

Katika hesabu hiyo Müller ndiye wa kwanza, akiwa karibu mtu 1 katika kila 100, na nyuma yake wanafuata Schmidt, Schneider, Fischer na Weber. Akina Rebmann ni maelfu machache tu katika nchi nzima, hawafiki mtu 1 katika kila 10,000. Kwa hiyo si jina linalokaribia kutoweka, kwa kuwa yako mengi yaliyobakiwa na familia moja tu, lakini ni adimu kiasi kwamba mtu wa kaskazini anaweza kuishi miaka mingi bila kukutana nalo. Ramani yake ndiyo inayonivutia kuliko idadi yenyewe: wenye jina hilo bado wamejikusanya katika jimbo la Baden-Württemberg, yaani pale pale lilipozaliwa karne nyingi zilizopita, pamoja na majirani zao wa kaskazini mwa Uswisi. Walihama pia. Kati ya karne ya 18 na 19 watu wengi wa Württemberg na Baden walikimbia ukosefu wa ardhi wakaenda Marekani, na huko utakuta jina hili mara nyingi limeandikwa Rebman, kwa n moja.

Wajerumani wenye umri mkubwa walilisikia sana jina hili kwenye habari, kwa sababu Kurt Rebmann, mzaliwa wa Heilbronn, mji wa mvinyo ulio kaskazini mwa Stuttgart, alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho kuanzia 1977 hadi 1990, katika miaka migumu ya kesi za ugaidi. Kabla yake, wasomi walimfahamu Georg Friedrich Rebmann, mwanasheria na mwandishi aliyeishi kati ya 1768 na 1824, aliyetetea mawazo ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Kupungua au kuongezeka kwa jina la namna hii kunategemea pia sheria za ndoa. Kwa muda mrefu mke nchini Ujerumani alilazimika kuchukua jina la mume, na nyumba iliyozaa mabinti watupu ilikuwa mwisho wa jina katika tawi lile. Mageuzi ya 1976 yaliwaruhusu wanandoa kuchagua jina la mke liwe la familia, tangu 1994 kila mmoja anaweza kubaki na jina lake, na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2025 inawaruhusu wote wawili na watoto wao kubeba majina mawili kwa pamoja. Binti wa akina Rebmann anayeolewa leo na kijana wa akina Müller hana tena sababu ya kuliacha jina la mababu zake.

Sasa kuhusu wajukuu. Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na Stuttgart, mahali ambapo mizabibu ingali inalimwa mteremkoni. Alifika Mombasa mwaka 1846 akaungana na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, wakaanzisha kituo chao huko Rabai, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kibo, taarifa ambayo wanajiografia kadhaa wa Ulaya waliikataa kwa miaka mingi. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, Mwingereza. Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Emma naye alifariki mwaka 1866. Mumewe alibaki Rabai hadi 1875, alipoondoka akiwa amepofuka, na tarehe 11 Oktoba mwaka uliofuata akafariki huko Korntal, jirani na kijiji alichozaliwa. Hakuacha mtoto. Mgeni yeyote atakayekuambia kwamba yeye ni Rebmann anaweza kuwa wa ukoo ule wa Gerlingen kwa tawi jingine, au asiwe na uhusiano wowote nao, lakini hawezi kuwa mjukuu wa mmisionari huyo.

Kuhusu matamshi: vuta e kidogo, kisha ifanye b isikike kama p, kwa kuwa Wajerumani huikaza b inapofunga silabi, n mbili za mwisho zitamke kama moja. Sema “Reepman”, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza, na wageni wa Stuttgart hawatakuwa na la kukusahihisha.