Uliza Fundi: Homthieta ya zamani, runinga mpya

Nina homthieta ya deki ya mwaka 2010, spika tano na sabufa yake. Nimenunua runinga mpya, haina yale matundu ya duara mekundu na meupe. Nimechomeka kwenye tundu la hedifoni: sauti inatoka kinyonge, za nyuma kimya kabisa. Ninunue seti nyingine? – Msomaji wa Shangani, Mtwara

Hela iache mfukoni kwanza. Geuza deki uangalie mgongoni kama kuna tundu dogo la mraba lenye kimlango, limeandikwa OPTICAL. Likiwepo, unahitaji waya mmoja tu wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga. Vua vile vifuniko vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili (wengi huvisahau, wakarudisha waya dukani wakidai ni mbovu), kisha sukuma ncha moja kwenye tundu kama hilo la runinga mpaka ilie "ta". Ukiwasha runinga, ncha iliyobaki itatoa mwanga mwekundu. Ukiuona, runinga inatoa sauti. Ichomeke kwenye deki, ubonyeze FUNCTION kwenye rimoti mpaka isomeke OPT au D.IN.

Sauti itatoka, na pengine bado itakuwa ya spika mbili. Fungua mipangilio ya sauti ya runinga. Kama sauti ya dijitali imewekwa PCM, optiko hupitisha njia mbili tu, kushoto na kulia. Weka Dolby Digital au Bitstream. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye king'amuzi, maana runinga haiwezi kupitisha njia tano ikiwa yenyewe imepewa mbili. Kumbuka pia kwamba vipindi vingi hurushwa kwa njia mbili. Taarifa ya habari haitasikika nyuma mpaka uwashe Pro Logic kwenye deki, ambayo huchukua njia mbili na kuzitandaza kwenye spika tano.

Usidanganywe na tundu la HDMI la deki ya zamani. Mara nyingi hilo ni la kutoa picha, halipokei sauti. Linapokea tu kama pembeni pameandikwa ARC, utaratibu uliokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Ukiwa nalo, litumie badala ya optiko, lakini upande wa runinga nako uchomeke penye neno ARC, si tundu lolote, kisha uwashe CEC, inayofanya runinga na deki ziwasiliane. Samsung huiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Deki isiyo na optiko wala ARC inataka kiboksi kidogo cha kugeuza optiko kuwa waya nyekundu na nyeupe. Hapo kanuni inageuka: runinga sharti iwe PCM, kwa sababu viboksi vya bei rahisi haviijui Dolby. Vitakaa kimya au vitakoroma.

Nimepata risiva (amplifaya ya kuendesha spika) iliyotumika, nikaiunga spika na sabufa za homthieta yangu iliyokufa. Inapiga dakika kumi, inaandika PROTECT na kuzima. – Mwalimu, Nachingwea

Mwalimu, soma kibandiko nyuma ya hizo spika. Homthieta nyingi za deki zina spika za omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme); risiva nyingi zinataka omu 6 hadi 8. Omu zikipungua nusu, umeme unaopita huongezeka karibu maradufu, risiva inachemka na kujizima ili isiungue. Ukiilazimisha, siku moja haitawaka tena. Spika hizo ziachane na risiva hiyo. Tafuta za omu 6 au 8, hata mbili tu za mbele kwa kuanzia. Mbili zinazolingana na risiva zitakupa raha kuliko tano zinazoichosha.

Kama kibandiko kinasema omu 6 na bado inazima, chomoa spika zote, uwashe. Ikitulia, zima, rudisha spika moja, washa, endelea hivyo moja moja. Mara nyingi mkosaji ni unyuzi mmoja wa shaba uliochomoza kutoka chanya ukagusa hasi. Pima pia omu za kila spika kwa maltimita: spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7. Ikisoma sifuri ina shoti. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Sabufa ya homthieta haina amplifaya ndani, kwa hiyo haiendi kwenye tundu la SUB PRE OUT. Hilo ni la sabufa yenye waya wake wa umeme. Ukiipata, weka spika ndogo zikatwe kwenye 80 Hz ili besi ishuke kwa sabufa.

Tunakaa karibu na maji. Kila baada ya miezi michache spika moja hukatakata sauti, nikichezea waya inarudi. – Msomaji wa Mikindani

Chumvi hiyo. Toa waya uone: kama ncha imekuwa ya kijani au nyeusi, kata sentimita mbili, menya upya, sokota nyuzi vizuri. Ukiweza, bana vipini vya shaba kwenye ncha, maana nyuzi tupu huliwa upesi zaidi.

Huenda pia uliuziwa alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, ni alumini, nayo huoza haraka kwenye hewa ya pwani. Nunua shaba tupu, 1.5 mm² kwa spika za nyuma zilizo mita kumi. Na wakati wa kurudisha, chanya iende kwa chanya. Spika moja ikigeuzwa, haitanyamaza. Besi ndiyo itakayopotea, na utahangaika na sabufa bure. Huna alama kwenye waya? Gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwenye ncha mbili kwa sekunde moja. Kikombe cha spika kikiruka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya.

Mvumo wa "mmmm" hauishi, hata sauti ikiwa sifuri. – Msomaji wa Lindi mjini

Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Mvumo ukikoma, umeme mdogo unazunguka kati ya dishi na soketi. Weka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, unganisha kwa optiko, kwani mwanga haupitishi umeme. Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi (ya waya wa ardhini) ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku kifaa kikivuja, ethi inakuwa ni wewe.

Msimu wa korosho umefika, nataka sabufa ya wati 10,000. Ipi nzuri? – Masasi

Hakuna. Hizo ni PMPO, namba ya kibandiko. Angalia nyuma inakula wati ngapi: inayokula 80 kutoka kwenye soketi haiwezi kutoa hata 80. Dai RMS, yaani wati halisi inazotoa mfululizo, na ichezwe dukani kwa wimbo unaoujua, sauti ikipandishwa hadi robo tatu. Ikianza kukwaruza hapo, mrudishie.